Aliyenyang'anywa Kibaba Hajui Amepunjwa

Walimu wenzangu, wanafunzi, na nyinyi wazazi mliofunga maduka mapema mkaja kusikiliza habari za vitabu, nawashukuru. Wakubwa zangu shikamooni. Vijana, hamjambo.

Nikiwa mdogo Tanga, bibi yangu alikuwa na kibaba chake mwenyewe. Kilikuwa cha bati, kimepauka, na kilikaa juu ya kabati la vyombo ambako sisi watoto hatukufika. Akinituma dukani kununua mchele, nikirudi aliumimina kwanza kwenye kibaba hicho kabla hajaupepeta. Siku moja mchele haukufika ukingoni. Akanishika mkono tukarudi dukani. Mwenye duka akaupima tena mbele yetu kwa kibaba chake, kikajaa mpaka mchele ukafanya kilima. Bibi akatoa cha kwake kwenye upindo wa khanga, akaumimina humo mchele uleule, ukakomea chini ya ukingo. Watu wote dukani wakanyamaza.

Kibaba cha mwenye duka kilikuwa kimetiwa kitako cha pili kwa ndani. Majirani zetu walikuwa wamepimiwa nacho kwa miezi, na nilikuwa nimewasikia wakilalamika kwamba mchele wa siku hizi hauvimbi, kwamba mvua zimeharibika, kwamba sufuria za kisasa ni nyembamba. Walihisi njaa, ila hawakuwa na cha kuionyeshea. Tukirudi nyumbani bibi aliniambia jambo ambalo sikulielewa mpaka nilipokuwa mwalimu: "Yule ana vibaba viwili. Cha kuuzia ndicho hiki. Cha kununulia kwa wakulima ni kizima, anakificha chini ya meza."

Nimeombwa nizungumzie riwaya za distopia, yaani zile zinazochora jamii ambayo utawala umeingia mpaka chumbani na kichwani mwa mtu. Wengi huzisoma kama utabiri, wakahesabu kipi kimetimia na kipi bado. Mimi kila nikizifungua namwona bibi na kibaba chake. Watawala wa vitabu hivi wanapunja, hilo ni la kawaida kwa watawala wabaya wa kila zama. Jambo lao geni ni kwamba wanapita nyumba kwa nyumba kukusanya vibaba. Wakishamaliza, mtu atahisi njaa maisha yake yote na hatajua kwamba ni njaa.

Tuanze na George Orwell, kwa sababu yeye alilitazama jambo hili kwa karibu kuliko wote. Katika riwaya yake ya mwaka 1949 inayobeba jina la mwaka 1984, Winston Smith anafanya kazi katika Wizara ya Ukweli. Kazi yake ni kusahihisha magazeti ya zamani ili yalingane na matakwa ya chama leo. Habari ya zamani ikishabadilishwa, karatasi ya awali inatupwa kwenye tundu ukutani, inakwenda kuchomwa. Basi, mgao wa chokoleti ulikuwa gramu 30 kwa wiki. Chama kikaupunguza hadi gramu 20. Haikupita hata siku mbili, runinga ya ukutani ikatangaza kwamba wananchi wameandamana kumshukuru Kaka Mkubwa, kiongozi wa chama, kwa kuupandisha mgao hadi gramu 20. Winston anatazama huku na huku kwenye ukumbi wa chakula. Je, wamelimeza hilo? Wamelimeza. Mmoja kwa ujinga wa mnyama, mwingine kwa shauku kali, mwingine kwa ujanja wa kujidanganya mwenyewe. Winston anajiuliza kama ni yeye peke yake mwenye kumbukumbu.

Wanafunzi wangu hucheka wakifika hapo. Mimi huwaacha wacheke, halafu nawauliza: bei ya mkate mwaka mlioingia darasa la kwanza ilikuwa kiasi gani? Kicheko hukatika.

Kuna tukio jingine ambalo wasomaji hulipita haraka, nami naliona ndilo kitovu cha kitabu kizima. Winston anaingia kwenye baa ya makabwela kumtafuta mtu mzima aliyeishi kabla ya mapinduzi, amuulize swali moja tu: maisha yalikuwa bora wakati ule au sasa? Anamkuta mzee akigombana na mhudumu. Mzee anataka painti ya bia, kipimo cha zamani cha Waingereza. Mhudumu, kijana, hajui painti ni nini. Yeye anajua lita na nusu lita, basi. Mzee analalamika kwamba nusu lita haimkati kiu na lita nzima inamsumbua kibofu. Winston anamnunulia bia, anamketisha, anamuuliza swali lake kwa njia hii na ile. Mzee anajibu habari za kofia ndefu aliyoikodi kwenda nayo kwenye mazishi ya shemeji yake, na habari za kijana mlevi aliyemsukuma barabarani. Winston anakata tamaa. Anasema moyoni kwamba wachache waliobaki kutoka dunia ya zamani hawawezi tena kulinganisha zama na zama. Wamekuwa kama sisimizi, wanaona vitu vidogo na hawaoni vikubwa.

Nimelisoma tukio hili mara nyingi na sikubaliani na Winston. Mzee alimjibu tangu alipoingia mlangoni. Alikuwa anadai kipimo chake! Neno limefutwa, vyombo vimevunjwa, mhudumu hajawahi kulisikia, lakini koo la mzee bado linajua bia ilikuwa inaishia wapi. Winston alitaka hotuba, akapewa kibaba, na hakukitambua.

Orwell hakuyatoa haya hewani. Kwa miaka 5, kuanzia 1922, alikuwa polisi wa himaya ya Uingereza huko Burma, kwa hiyo utawala aliujua akiwa upande wa mwenye rungu. Kisha akaenda kupigana Uhispania upande wa Jamhuri, akapigwa risasi ya shingo, na mwaka 1937 akatoroka Barcelona akiwindwa na watu waliokuwa upande uleule wa vita. Aliporudi kwao alisoma kwenye magazeti habari za mapambano makubwa mahali ambapo hapakupiganwa, na kimya kitupu mahali ambapo watu mamia walikufa. Askari aliowajua kuwa mashujaa waliitwa wasaliti. Baadaye aliandika kwamba hapo ndipo alipoanza kuogopa: vita vingeisha, na uongo ule ungebaki kuwa historia. Kitabu alikimalizia kwenye kisiwa cha Jura, Uskoti, kifua kikuu kikimla mapafu, akafariki Januari 1950, miezi michache tu baada ya kuchapishwa kwake.

Na msidhani tundu la kuchomea karatasi ni chumvi ya mwandishi. Lavrentiy Beria, mkuu wa polisi wa siri wa Stalin huko Umoja wa Kisovieti, aliangushwa mwaka 1953 na kuuawa. Wakati huo Ensaiklopidia Kuu ya Kisovieti ilikuwa imeshachapisha makala ndefu ya kumsifu. Walionunua ensaiklopidia hiyo wakapelekewa kurasa mpya zenye maelezo marefu kuhusu Bahari ya Bering na mambo mengine, pamoja na maagizo ya kukata kwa wembe au mkasi kurasa za Beria na kubandika hizo mahali pake. Beria alikuwa mtu mwovu, sina chozi la kumlilia. Ninachokifikiria ni yule mwalimu au daktari aliyekaa mezani kwake usiku, wembe mkononi, akikata kitabu chake mwenyewe kwa uangalifu ili pasionekane. Nchi nzima iligeuzwa kuwa Winston.

Aliyetangulia katika njia hii ni mwandishi Mrusi, Yevgeny Zamyatin, mhandisi wa meli. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza alikuwa Newcastle, Uingereza, akisimamia ujenzi wa meli za kuvunja barafu. Aliporudi kwao aliandika, kati ya 1920 na 1921, riwaya ya jiji la vioo. Kuta za nyumba zote ni kioo. Watu hawana majina, wana namba, na kila mmoja ana beji ya namba yake kifuani. Wanaamka dakika moja, wanatafuna kwa mpigo mmoja, na pazia la chumbani huruhusiwa kuteremshwa tu kwa cheti maalumu, katika saa zilizotengwa kwa mapenzi. Mwishoni serikali inagundua ugonjwa unaoleta uasi: uwezo wa kuwaza yasiyokuwepo. Unatibiwa kwa upasuaji wa kichwa. Kitabu hicho kilitoka kwanza kwa Kiingereza, New York, mwaka 1924. Nchini kwao kilichapishwa mwaka 1988, mwandishi akiwa ameshalala kaburini Ufaransa kwa nusu karne.

Mwanafunzi mmoja aliwahi kuniambia, "Mwalimu, haya ni mambo ya Wazungu, sisi hayatuhusu." Nilimuuliza kama amewahi kusikia neno kipande. Akasema ni sehemu ya kitu. Ni kweli, ila babu zetu wa Kenya walilijua kwa maana nyingine. Kwa sheria iliyotungwa mwaka 1915 na kutekelezwa baada ya vita, kila mwanamume Mwafrika alilazimika kubeba cheti chenye alama za vidole vyake, kazi aliyofanya, mshahara aliolipwa na neno la mwajiri wake. Kiliwekwa ndani ya kikasha cha chuma, na wengi walikivaa shingoni kwa kamba. Akiacha kazi bila mwajiri kumwandikia, anasakwa kama mhalifu. Zamyatin alipokuwa mezani kwake Petrograd anabuni watu wenye namba kifuani, watu wenye namba shingoni walikuwa wanapita barabara za Nairobi. Yeye hakujua habari zao wala wao habari zake. Kwa hiyo nisiambiwe kwamba haya hayatuhusu.

Falsafa iko wapi katika haya? Ni ya zamani sana. Plato, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, katika kitabu chake Jamhuri, anajenga dola ya haki kwa maneno, halafu anafika mahali anahitaji uongo mmoja uliotukuka ili watu wakubali vyeo vyao. Wataambiwa kwamba Mungu alichanganya dhahabu kwenye roho za watawala, fedha kwenye za askari, chuma na shaba kwenye za wakulima na mafundi. Wengi wanaikumbuka sehemu hiyo. Wachache wanakumbuka kinachotangulia. Kabla ya hadithi ya madini, raia waaminishwe kwamba malezi na elimu waliyodhani wameipata ilikuwa ndoto tu, na kwamba muda wote huo walikuwa wakifinyangwa chini ya ardhi. Yaani kwanza uchukue kumbukumbu zao za utotoni, uziite ndoto, ndipo uwagawie madaraja. Namheshimu Plato, nimemfundisha kwa mapenzi, lakini ukurasa huo naufungua kwa hofu. Mzee yule mwenye hekima alijua utaratibu wa kazi: kibaba kwanza, mchele baadaye.

Baada ya Hitler na Stalin, mwanafalsafa Hannah Arendt aliandika kwamba utawala wa kiimla haumhitaji sana mfuasi aliyeamini kwa dhati. Anayeufaa zaidi ni mtu ambaye kwake tofauti ya kilichotokea na kilichotungwa imekufa. Hilo ndilo O'Brien, mkubwa wa chama katika riwaya ya Orwell, analolitafuta anapomwonyesha Winston vidole 4 na kumtesa mpaka aone 5. Hataki Winston aseme 5 kwa woga, kwa sababu hilo angelipata dakika ya kwanza. Anataka achukue kibaba cha mwisho kilichobaki, macho ya mtu mwenyewe.

Sasa Aldous Huxley. Riwaya yake ya 1932 haina rungu wala njaa. Watoto wanatengenezwa kwenye chupa, kila tabaka kwa kiwango chake cha akili. Vichanga wa tabaka la chini wanaletewa vitabu na maua, wakivigusa tu vinapigwa ving'ora na wanatiwa umeme, mpaka watakapokua wakichukia vitabu kama mtu anavyochukia nyoka. Ukubwani kila huzuni ina kidonge chake. Oktoba 1949 Huxley alimwandikia Orwell barua ya pongezi, akaongeza kwamba watawala watakaokuja wataona ni rahisi zaidi kumlea mtu aupende utumwa wake kuliko kumpiga na kumfunga.

Kwa miaka mingi niliwapa wanafunzi swali la mtihani: nani alikuwa sahihi, Orwell au Huxley? Nimeacha kulitoa. Nilikuja kugundua kwamba nimelisahau sanduku la Mustapha Mond. Mond ni mmoja wa watawala wa dunia ile ya raha, na ndani ya ofisi yake ana sefu. Ndani ya sefu mna Biblia, mna vitabu vya dini na falsafa, na Shakespeare mwenyewe amemsoma akamhifadhi kichwani. Anakiri kwamba vimezuiwa kwa sababu ni vya zamani na ni vizuri, na watu wasivutwe na vya zamani vilivyo vizuri. Yeye anaruhusiwa, maana yeye ndiye anayetunga sheria. O'Brien vivyo hivyo anajua kilichofutwa, ndiyo maana anaweza kukifuta vizuri. Kwa Margaret Atwood, katika riwaya yake ya mwaka 1985, wanawake wamekatazwa kusoma hata mabango ya maduka yamebaki picha tupu, lakini Kamanda aliyeshiriki kuijenga dola hiyo ana rafu za vitabu chumbani mwake, na kwa siri anamwita mjakazi wake usiku wacheze mchezo wa kuunda maneno kwa vigae vya herufi. Kila mmoja wao ana kibaba kizima chini ya meza. Bibi yangu alilijua hilo bila kusoma riwaya hata moja.

Niseme kidogo kuhusu lugha, kwa kuwa ndiyo kazi yangu. Katika kitabu cha Orwell kuna mtaalamu wa kamusi aitwaye Syme ambaye kazi yake ni kuua maneno, na anaifurahia. Neno huru limeachwa, lakini linafaa tu kusemea mbwa asiye na chawa au shamba lisilo na magugu. Uhuru wa mawazo hauna neno, na baada ya vizazi viwili hautakuwa na mtu wa kuuwaza. Syme mwenyewe alikuwa na akili ya kuona mbali, kwa hiyo siku moja hakuja kazini. Jina lake halipo tena hata kwenye orodha ya kamati ya mchezo wa sataranji.

Nikilifikiria hilo nakumbuka kinyume chake, kilichotokea kwetu. Mwaka 1985 Mwalimu Nyerere aliondoka madarakani kwa hiari, na kulitaja tendo hilo alitumia neno la Kizanaki, kung'atuka. Tulikuwa na kustaafu, tulikuwa na kujiuzulu, tulikuwa na kupinduliwa. Hatukuwa na neno moja la mtu anayeinuka mwenyewe kwenye kiti, angali na nguvu, akawapisha wengine. Wapo wanaomlaumu Mwalimu kwa mengi na wana hoja. Lakini neno lile likishaingia mtaani halimwogopi mtu. Leo muuza kahawa anauliza, huyu atang'atuka au atang'olewa? Anapima. Neno moja limekuwa kibaba cha kupimia kila mtawala aliyekuja baadaye, hapa na nchi za jirani.

Na kule Kenya, mwaka 1968, kijana Abdilatif Abdalla alisambaza waraka wenye swali fupi: Kenya, twendapi? Kwa swali hilo alifungwa miaka 3. Akiwa gerezani alitunga mashairi kwenye karatasi za msalani, yakatoka mwaka 1973 kwa jina Sauti ya Dhiki. Someni mashairi hayo kwa sauti. Vina vimekaa, mizani haipungui. Silabi za kila mstari washairi wetu wanaziita mizani, na kila nikiwaza mtu aliyefungiwa peke yake akihesabu silabi usiku ili mstari usipunguke, nafahamu kwa nini. Walimnyima karatasi. Mizani hawakuweza kumnyima.

Katama Mkangi naye aliwekwa kizuizini mwaka 1986, mwanazuoni wa elimu ya jamii. Mwaka 1995 alitupatia riwaya ya Walenisi. Dzombo amehukumiwa kufa, anatiwa kwenye chombo cha angani ambacho wengi kabla yake hawakurudi nacho, anafaulu kukiongoza, anatua kwenye nchi ya watu walio sawa. Wasomi husema hiyo ni utopia, kinyume cha distopia, na katika madaftari ya wanafunzi utaviona vimetenganishwa kwa mstari wa rula. Mimi naviweka rafu moja. Dzombo hawezi kuona jambo lolote Walenisi bila kukumbuka kwao lilivyo, na jina lenyewe linasomeka: wale ni sisi. Mkangi ametuletea kibaba kizima akakiweka karibu na tulichozoea kupimiwa nacho.

Nimekiacha mwisho kitabu ninachokipenda kuliko vyote nilivyovitaja, Shamba la Wanyama cha Orwell huyohuyo, kwa tafsiri ya Fortunatus Kawegere iliyotoka mwaka 1967, mwaka uleule wa Azimio la Arusha. Vizazi kwa vizazi vimekisoma shuleni. Kwa bahati mbaya mara nyingi tumefundisha kwamba ni kitabu kuhusu nguruwe wabaya, wanaolitawala shamba baada ya wanyama kumwasi mwenye shamba na kuandika amri zao ukutani. Leo naomba tuwaache nguruwe.

Tumtazame Clover, farasi jike, mama wa shamba. Ana kumbukumbu na hajui kusoma, herufi anazijua ila hawezi kuunganisha neno. Aliposikia nguruwe wanalala vitandani alihisi kuna amri inayokataza. Akaenda ukutani, akashindwa kusoma, akamwita mbuzi amsomee. Mbuzi akasoma: mnyama asilale kitandani penye shuka. Clover hakukumbuka habari za shuka. Lakini kama imeandikwa ukutani, basi ndivyo ilivyokuwa. Vivyo hivyo pombe: mnyama asinywe kupita kiasi. Angalieni hilo neno kiasi lilivyoingizwa! Na chakula kilipopunguzwa, msemaji wa nguruwe hakusema kimepunguzwa, alisema mgao umerekebishwa. Kisha akasoma takwimu kwamba uzalishaji umepanda kwa asilimia 200, asilimia 300, asilimia 500. Wanyama wakaamini, kwa sababu hawakukumbuka vizuri maisha kabla ya uasi yalikuwaje. Wakati mwingine waliona wangependa takwimu zipungue na chakula kiongezeke. Wale ni majirani zetu wa Tanga, waliosema mchele wa siku hizi hauvimbi.

Upande wa pili yuko Benjamin, punda. Anasoma vizuri kama nguruwe yeyote. Anakumbuka kila kitu. Usiku ule msemaji wa nguruwe alipoanguka na ngazi chini ya ukuta, kando yake kopo la rangi na brashi, wanyama wote walibaki wameduwaa. Benjamin peke yake alitikisa kichwa kama anayeelewa. Hakusema. Alikuwa akisema hakuna la maana la kusoma, na Clover alipomwomba asome alikataa.

Tunamfundisha Benjamin kama mwenye hekima. Nilimfundisha hivyo miaka mingi na ninawaomba radhi niliowafundisha. Shamba lile lilikuwa na kumbukumbu na lilikuwa na herufi, viwili hivyo vilikaa zizi moja, na havikukutana. Kibaba kizima kilikuwepo. Kilikuwa kabatini, na mwenye nacho alikaa akitazama watu wakipunjwa.

Anasoma kwa sauti mara mbili tu. Mara ya pili kitabu kimekwisha, ukuta umebaki na amri moja, Clover kazeeka, macho yamefifia, naye anamsomea. Mara ya kwanza ni pale Boxer, farasi mwenye nguvu aliyelijenga shamba kwa mabega yake, anapochukuliwa mgonjwa ndani ya gari. Wanyama wanampungia mkono, wanadhani anapelekwa hospitali. Benjamin anakuja mbio, na ni mara ya kwanza wanyama kumwona punda yule akikimbia. Anawapigia kelele, wapumbavu nyinyi, hamwoni kilichoandikwa ubavuni mwa gari? Mbuzi anaanza kuunga herufi. Benjamin anamsukuma kando, anasoma mwenyewe, mbele ya wote: ni gari la mchinja farasi. Wanalikimbilia, wanamwita Boxer atoke. Kutoka ndani wanasikia mateke yake kwenye ubao, yanapungua, yanapungua, mpaka kimya.

Nakala yangu ya zamani iko hapa mezani, kurasa zimeanza kuachia. Nimetia alama mahali ambapo gari linafika uwanjani. Kabla ya maswali naomba mmoja wenu asimame atusomee kurasa hizo. Ukikwama kwenye neno usione haya, anza tena. Ila soma kwa sauti kubwa, mama zetu walioketi kule nyuma nao wasikie.